Nani Alimpenda Nani katika Kisa cha Laila na Majnun?

Mtu akitaka kutaja mapenzi yaliyopita kiasi, jina la Majnun humjia mdomoni kabla ya majina mengine. Waarabu, Waajemi, Waturuki na Wahindi wamekisimulia kisa chake kwa zaidi ya miaka elfu moja, na sinema ya Kihindi imekifikisha hata kwa watu wa mwambao wetu wasiosoma Kiarabu wala Kiajemi. Lakini anayekaa na kisa chenyewe, akaziweka sifa zake kando, hukutana na jambo la kushangaza: wapenzi hawa wawili karibu hawakutani kabisa. Nafasi ya kuonana inapopatikana, mmoja wao huzimia au hukimbia. Posa inakataliwa, binti anaozwa kwingine, kijana anahamia nyikani kuishi na wanyama, na mwisho wote wawili wanakufa. Ni haki basi kuuliza kama hiki ni kisa cha mahaba, kwa maana ya watu wawili wanaopendana na kutafutana, au ni kisa cha jambo jingine ambalo mahaba yamekuwa vazi lake tu.

Jawabu haliwezi kuwa moja, kwa sababu kisa chenyewe si kimoja. Wasimulizi wa Kiarabu wa karne za mwanzo za Uislamu, washairi wa Kiajemi waliokuja baadaye na masufi waliowachukua wapenzi hawa kama mfano wa safari ya roho, kila kundi lilikuwa na Majnun wake, na mabishano mengi juu ya suala hili hutokea pale mtu anapomsifu Majnun wa kundi moja kwa sifa za Majnun wa kundi jingine.

Kisa kikongwe kuliko vyote ni cha Kiarabu. Kinamhusu Qays bin al-Mulawwah, aliyekuja kuitwa Majnun, yaani mwendawazimu, wa kabila la Banu Amir, katika nyanda za Najd huko Arabuni, karne ya 7, wakati wa utawala wa Banu Umayya. Habari zake zimekusanywa kwa wingi katika Kitab al-Aghani cha Abu al-Faraj al-Isfahani, aliyefariki mwaka 967, na inafaa kuangalia namna mwandishi huyo anavyoanza. Kabla ya kusimulia lolote anajivua dhamana: atataja yale mazuri yaliyomfikia, lakini ukweli wake usidaiwe kwake. Alikuwa na sababu. Ameinukuu kauli ya mwanahistoria Ibn al-Kalbi kwamba kisa chote pamoja na mashairi yake vilitungwa na kijana mmoja wa Banu Umayya aliyempenda binti ya ami yake na hakutaka siri yake ifichuke. Amenukuu pia kauli ya dhihaka kwamba watu wa Banu Amir wana maini magumu mno kwa mambo kama hayo, na kwamba kufa kwa mapenzi ni kazi ya watu wa Yemen wenye nyoyo dhaifu. Na al-Jahiz, mwanafasihi mkubwa wa karne ya 9, alisema kuwa watu hawakuliacha shairi lolote lisilo na mwenyewe, likiwa limemtaja Laila, ila walimnasibishia Majnun.

Kauli hiyo ya al-Jahiz ina uzito kuliko inavyoonekana. Ikiwa ni kweli, basi mashairi yalitangulia na kisa kikafuata. Watu walikuwa na tungo nzuri za mtu anayelia kwa kumkosa mwanamke aitwaye Laila, wakahitaji kujua kwa nini analia, na wasimulizi wakawapa sababu. Kila ubeti wenye maumivu ulizaa tukio la kuueleza, na mtu aliyejengwa kwa namna hiyo hawezi kuwa na siku ya furaha, kwa kuwa hakuna aliyehifadhi tungo za furaha zake.

Isipokuwa pahali pamoja. Miongoni mwa mashairi anayonasibishiwa yapo yanayokumbuka utoto, Qays na Laila wakiwa wadogo wanachunga pamoja vitoto vya mifugo ya watu wao, na mshairi anatamani kwamba wao wawili wasingekua hata leo, na wale wanyama wadogo nao wasingekua. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mahaba yasiyo na shaka katika habari zote za Kiarabu. Ni watoto wawili walio pamoja, wenye kazi moja, wanaozoeana bila kutangaziana. Yanayofuata baada ya hapo ni masimulizi ya namna mambo yalivyoharibika, na aliyeanza kuyaharibu, tukisoma kwa makini, si baba yake Laila.

Qays alimtaja Laila katika mashairi. Alimtaja kwa jina, tungo zikasambaa, zikasomwa katika makabila, na kwa desturi ya watu wale mwanamke aliyeimbwa hadharani na mwanamume hakuwa akiozwa kwa mwanamume huyo, kwa kuwa ndoa ingekuwa kama kukiri kwamba yaliyosemwa katika mashairi yalikuwa yakitendeka. Msomaji aliyelelewa na mashairi ya mwambao, ambamo mpendwa hufichwa ndani ya ua, njiwa au chombo ili ajulikane na mmoja tu, ataelewa haraka ukubwa wa jambo hili. Kumficha mpendwa ndani ya fumbo ni adabu, na ni ulinzi pia. Qays hakuficha, na aliyebaki hemani akibeba uzito wa tungo zile alikuwa Laila.

Habari ya posa, kama ilivyo katika Kitab al-Aghani, inastahili kusomwa polepole. Qays alitoa mahari ya ngamia jike wekundu 50, mali nzito kwa wakati ule. Mwanamume mwingine, Ward bin Muhammad wa ukoo wa Uqayl, alitoa ngamia 10 pamoja na mchungaji wao. Mtu asiseme basi kwamba wazee waliangalia mali, kwa maana mali ilikuwa upande wa Qays. Wazee walitangaza kwamba binti atapewa hiari ya kuchagua kati ya wawili hao, kisha wakaingia kwake na kumwambia kwamba asipomchagua Ward watamfanya awe mfano kwa wengine. Akamchagua Ward, akaolewa huku hataki.

Na Qays alikuwa wapi wakati hayo yakitendeka? Alikuwa anatunga. Katika mashairi yanayowekwa kwenye tukio hilo anamwambia Laila kwamba, ikiwa amepewa hiari, basi aangalie vyema anamchagua nani, wala asimbadilishe kwa mtu duni. Yaani yule aliyesifiwa na karne nyingi kuwa mpenzi mkuu anamkabidhi mzigo wa uamuzi mtu pekee asiyekuwa na uamuzi wowote, na anafanya hivyo mbele ya watu, kwa njia ileile iliyosababisha posa yake ikataliwe. Sisemi kwamba hakumpenda. Nasema kwamba hakuuona mlango aliokuwa amefungiwa mwenzake, na mapenzi yasiyoona jambo hilo yana upungufu ambao uzuri wa mashairi hauuzibi.

Kuna tukio jingine ambalo wasimulizi wa baadaye walilikimbia. Siku moja ya baridi Majnun alimpita mume wa Laila akiota moto, akamwapisha kwa Mola wake amwambie kama amemkumbatia Laila kabla ya alfajiri au ameubusu mdomo wake. Mume akajibu kwamba, kwa kuwa ameapishwa, jawabu ni ndiyo. Majnun akalishika kaa la moto kwa viganja vyake viwili, hakuliachia mpaka akaanguka amezimia. Hadithi hii husimuliwa kuonyesha ukubwa wa mapenzi yake. Ninapoisoma huona mtu anayeutafuta uchungu kwa makusudi, kwa kuwa swali lile halikuwa na jawabu ambalo lingemfaa, na tena lilimhusu mwanamke ambaye siri ya chumba chake ilijadiliwa na wanaume wawili penye moto.

Kutafuta uchungu kwa makusudi ndilo shitaka alilolitoa mwanafalsafa wa Syria, Sadiq Jalal al-Azm, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu mapenzi ya Kiudhri. Mapenzi haya yameitwa hivyo kwa ajili ya Banu Udhra, kabila lililosifika kwamba watu wake wakipenda hufa, na mfano wao ni Jamil aliyempenda Buthayna. Lakini sifa hiyo imewaenea wengine kama Kuthayyir na Azza, na huyu Qays ambaye hakuwa wa kabila hilo. Al-Azm aliona kwamba wapenzi wa namna hii waliyapenda mapenzi yenyewe kuliko waliowapenda. Walijua desturi, walijua kwamba shairi lingewafungia mlango wa ndoa, na bado wakaimba, kwa sababu kikwazo ndicho kilichoutunza moto wao. Ndoa ingeuzima.

Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Ni kweli kwamba katika visa vyote hivi kikwazo hakikosekani, na kwamba mwenye kuimba hukileta kwa mkono wake. Lakini hoja hiyo inamchukulia Qays kama mtu tunayeweza kumchungulia nafsi yake, ilhali al-Isfahani mwenyewe hakuwa tayari kuapa kwamba alikuwepo. Ikiwa sehemu kubwa ya Majnun imetengenezwa na wasimulizi kutoka mashairi yaliyokuwa yakielea bila mwenyewe, basi aliyependa kikwazo ni msikilizaji. Watu waliokaa kwenye mabaraza ya Basra na Baghdad kusikiliza habari za majangwa hawakutaka kusikia Qays amemuoa Laila, wamepata watoto, na ngamia wamezaa vyema mwaka huo. Walitaka machozi, na wakapewa. Shitaka la al-Azm ni zuri, ila mshitakiwa wake ni wengi, na sisi tunaoendelea kukisoma tumo miongoni mwao.

Karne ya 12 kisa kilibadilika sana. Mfalme wa Shirwan, Akhsitan, alimwagiza mshairi Nizami wa Ganja, mji uliopo katika Azerbaijan ya leo, amtungie kisa hiki kwa Kiajemi. Nizami alisita. Alilalamika kwamba hakina bustani wala karamu za wafalme, ni mchanga mtupu, na mshairi atapata wapi mapambo katika mchanga? Mwanawe Muhammad, aliyekuwa na umri wa miaka 14, alimshawishi, na mwaka 1188 kazi ikamalizika: zaidi ya beti 4,000 za mistari miwili, zilizotungwa, kwa maelezo yake mwenyewe, katika muda usiofikia miezi minne.

Nizami aliwatoa watoto machungani akawaweka chuoni, wakisoma pamoja. Nawfal, ambaye katika habari za Kiarabu ni ofisa aliyejaribu kumwombea Qays posa na akarudi nyuma alipoona silaha, kwa Nizami anapigana vita vya kweli na kabila la Laila na kushinda, lakini baba anasema ni afadhali amuue binti yake kuliko kumpa mwendawazimu, na Nawfal anaona haya. Mume sasa anaitwa Ibn Salam, na hapa ndipo penye badiliko kubwa kuliko yote: Laila anampiga kofi anapomsogelea na kuapa kwamba hatampata, naye anaridhika kumtazama tu. Kaa la moto limeondolewa. Mwanamke aliyeolewa kwa kutishwa, ambaye katika habari ya kale hakuwa na njia ya kukataa chochote, amegeuzwa kuwa bikira anayetunza ahadi ndani ya nyumba ya mume. Badiliko hili limekifanya kisa kiwe safi na cha kupendeza zaidi, na limekifanya pia kiwe mbali zaidi na maisha ya wanawake walioozwa namna ile.

Hata hivyo Nizami alimpa Laila kitu ambacho Waarabu walimpa kwa uchache mno, nacho ni maisha ya ndani. Tunamwona akisikiliza wapita njia wanaoimba mashairi ya Majnun na kuyajibu kwa vikaratasi, akitafuta wajumbe, akiandika barua. Ibn Salam anapofariki, Laila anakaa ndani kama mjane kwa miaka miwili, muda ambao Nizami anauita desturi ya Waarabu, ingawa eda ya mjane katika sheria ya Kiislamu ni miezi minne na siku kumi. Muda huo ulimfaa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza aliruhusiwa kulia mbele za watu. Walidhani anamlilia mume. Sijui mahali pengine katika fasihi ya zama zile ambapo hali ya mwanamke asiye na ruhusa ya kuonyesha moyo wake imeelezwa kwa ukali kama huu, na imeelezwa bila kusema neno lolote la malalamiko.

Mkutano wao katika bustani ya mitende nao ni kazi ya Nizami, na watu wengi hukosea wanapousoma. Mzee mmoja anamleta Majnun, Laila anatoka kwa siri, bado akiwa mke wa mtu. Anasimama hatua kumi kutoka alipo kijana. Ni yeye anayesimama, na ni yeye anayemwambia mzee kwamba hawezi kusogea zaidi, bali amwombe Majnun amsomee mashairi. Majnun anasoma, na mashairi yanasema nini? Yanasema juu ya siku watakayokuwa pamoja. Akimaliza, anakimbia kurudi nyikani. Laila alikuwa na sababu za kusimama: dini, mume, na hatari ya kuuawa. Majnun hakuwa na sababu ya kukimbia ila moja, kwamba Laila aliye hatua kumi mbele yake hakuwa wa lazima tena. Yule wa ndani ya mashairi alitosha.

Masufi walilipenda jambo hili hasa. Kwao halikuwa kasoro, lilikuwa shabaha. Katika Mathnawi ya Jalaluddin Rumi, khalifa anamuuliza Laila kama ni yeye kweli aliyempoteza Majnun akili, mbona hawazidi wanawake wengine kwa uzuri, naye anamjibu anyamaze, kwa kuwa yeye si Majnun. Mahali pengine Majnun anakataa kuumikwa akihofu kwamba kijembe kitamjeruhi Laila aliyejaa mwilini mwake. Fuzuli, aliyekitunga kisa hiki kwa Kituruki cha Azerbaijan katika miaka ya 1530, alifika mwisho wa njia hiyo: Laila yuko huru, anamfuata Majnun jangwani, anajitambulisha, naye anamuuliza kwamba ikiwa mimi ni mimi, wewe ni nani, na ikiwa wewe ni wewe, mimi ni nani. Hamhitaji. Amefika mahali ambapo mpendwa wa nje ni pazia.

Kama maelezo ya roho inayomtafuta Mungu, hayo ni mazito na hayana ulaghai, kwa sababu masufi hawakuwahi kudai kwamba wanazungumzia ndoa. Tatizo huanza pale picha hiyo inaporudishwa duniani na kupewa vijana kama kipimo cha mapenzi ya mume na mke. Mpenzi wa kisufi ana haki ya kulipita umbo la nje, kwa kuwa anayemkusudia hana umbo. Kijana wa Najd hakuwa na haki hiyo. Laila alikuwa mtu, mwenye mwili uliokonda na mama aliyemlinda, na kumgeuza kuwa ngazi ni kumdhulumu, hata kama aliyepanda ngazi alifika juu. Wapenzi wengi wa kisa hiki hulisifu jambo la kisufi kwa maneno ya mahaba, kisha hushangaa wanapoona kwamba mtu aliyeishi kwa mfano huo amemchosha mwenzake kwa mateso yasiyo na faida.

Nikibanwa niseme kama mahaba yamo katika kisa hiki, nitajibu kwamba yamo, lakini tumekuwa tukiyatafuta upande usio wake. Zipo beti mbili fupi za Kiarabu zinazonasibishwa na Laila mwenyewe. Anasema kwamba hakuna hali aliyokuwa nayo Majnun ila na yeye alikuwa nayo vilevile. Tofauti ni kwamba yule aliitangaza siri ya mapenzi, na yeye ameyeyuka kwa kuificha. Mashairi ya Majnun ni diwani nzima, haya ni mistari michache, na pengine nayo yalitungwa na msimulizi. Lakini ndani yake mna kitu kisichopatikana kwa urahisi katika diwani ile, yaani mpenzi anayemtazama mwenzake na kujua yuko katika hali gani. Laila anajua Majnun anavyoteseka na anaweza kuyapima mateso hayo kwa yake. Majnun, kwa fasaha yake yote, hataji mahali popote kwamba kunyamaza kwa Laila kunaweza kuwa kazi ngumu kuliko kuimba kwake.

Waandishi wa karne ya 20 waliuhisi upungufu huu. Ahmed Shawqi wa Misri, katika tamthilia yake ya kishairi ya mwaka 1931, alimweka Laila katikati ya jukwaa na kumpa hiari ya kweli. Baba ni mpole, anamwachia aamue, na Laila anamkataa Qays kwa kuogopa kwamba sitara yake itararuliwa na watu watamnenea baba yake, kisha anamkubali Ward, na baadaye anajuta hadi kufa. Ni tamthilia nzuri na jukwaani inasisimua, kwa maana sasa shujaa ni mwenye kuamua. Lakini kwa kumpa Laila hiari, Shawqi alimpa na lawama, ukoo ukatoka mahakamani bila doa, na msiba wa wawili hao ukawa kosa la binti aliyeijali mno heshima. Kwa hiyo naiamini zaidi ile habari ya kale, yenye ngamia 50 upande mmoja na ngamia 10 upande wa pili, kwa sababu msimulizi wake hakuona haya kuandika kwamba kabla Laila hajatoa jawabu, jamaa zake waliingia kwake na kumtisha.